Sura ya Tisa: Wasomaji Wanapotofautiana Kuhusu Kusadikika

Kufikia mwisho wa sura hii, uweze:
(a) kueleza maoni makuu manne ambayo wasomaji wameyatoa kuhusu riwaya ya Kusadikika;
(b) kuyapima maoni hayo kwa ushahidi kutoka kitabuni;
(c) kuchagua msimamo wako na kuutetea katika jibu la insha.

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, nakala ya Kusadikika ninayofundishia sikuinunua katika duka kubwa. Niliipata kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu kandokando ya Barabara ya Tom Mboya, hapa katikati ya jiji la Nairobi. Ilikuwa imetandazwa juu ya gunia pamoja na kamusi zisizo na majalada. Nilipoifungua ndani ya matatu nikielekea nyumbani, niligundua kwamba wasomaji watatu walikuwa wamenitangulia, na kila mmoja alikuwa ameandika maoni yake pembeni mwa kurasa.

Wa kwanza alitumia kalamu ya buluu. Palipotajwa mfalme, aliandika: "Huyu ni Mwingereza." Chini yake, kwa kalamu nyekundu, mwingine akajibu: "Si lazima. Huyu ni mtu yeyote mwenye cheo." Wa tatu alitumia penseli. Alipofika kwa mjumbe wa nne aliandika neno moja tu, "Tena?" Na kwenye ukurasa wa mwisho akauliza: "Mfalme ndiye kaamua. Wananchi walikuwa wapi?"

Kila ninapokionyesha kitabu hicho darasani, swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, kati ya hao watatu nani yuko sahihi? Kwenye mtihani tuandike ya nani?" Sura hii ni jibu la swali hilo. Hata kama riwaya unayotahiniwa mwaka huu ni nyingine, mbinu utakayojifunza hapa utaitumia, kwa sababu hakuna kitabu kizuri ambacho wasomaji wote wanakisoma kwa namna moja.

Tukumbushane kisa kwa ufupi

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kufundisha uanasheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Badala ya kulia na kuomba radhi, Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa nje ya nchi: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Safari zao zilielekea pande nne za dunia, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mjumbe aliona mambo yenye manufaa, akarudi nayo, na malipo yake yakawa adhabu. Mwishoni utetezi wa Karama unakubaliwa, anaachiwa huru, na wajumbe waliokuwa wakiteseka nao wanafunguliwa.

Mwandishi wake, Shaaban Robert, alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 akafariki mwaka 1962. Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951. Mwaka uliofuata kikatoka Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani. Kufikirika, habari za nchi nyingine ya kubuni na mfalme wake aliyekosa mtoto, kilichapishwa baada ya kifo cha mwandishi. Vitabu hivi vitatu si mfululizo kwa maana ya kuendeleza wahusika wale wale. Ni ndugu wa tumbo moja: vyote vinatupeleka katika nchi zisizo kwenye ramani, vyote vina wahusika wenye majina yanayotangaza tabia zao, na vyote vinauliza uongozi mwema ni upi. Msomaji anayekichukia kimoja mara nyingi huvichukia vyote, na anayekipenda hutafuta vingine.

Maoni ya kwanza: Kusadikika ni picha ya ukoloni

Haya ndiyo maoni ya kalamu ya buluu, na ndiyo yaliyoenea zaidi madarasani. Wanaoyashikilia wana hoja nzito. Kitabu kilichapishwa wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, miaka kumi kabla ya uhuru wa Desemba 1961. Katika Kusadikika, kujua sheria ni kosa. Mtu anayeleta ushauri wa kuifaa nchi anaadhibiwa. Wenye vyeo wanaogopa raia aliyeelimika. Mwafrika aliyesoma habari hizi mwaka 1951 hakuhitaji kuambiwa zinafanana na nini. Tena, kuiweka nchi hiyo angani ilikuwa njia ya kusema jambo bila kukamatwa kwa kulisema. Mbinu hiyo tunaiita jazanda.

Maoni ya pili: Kusadikika ni habari ya binadamu popote

Kalamu nyekundu nayo haikukosa ushahidi. Soma tena uone: mfalme wa Kusadikika si mgeni. Hakuna watu waliokuja kutoka ng'ambo wakaitwaa nchi. Wanaowatesa Wakusadikika ni Wakusadikika wenzao. Zaidi ya hayo, mambo mema yanatoka nje, kwa majirani, nao wenyeji wenye mamlaka ndio wanaoyakataa. Picha hiyo haikai vizuri juu ya ukoloni.

Wasomaji wa kundi hili huongeza kwamba Shaaban Robert alikuwa mtu wa maadili katika maandishi yake yote. Majina ya wahusika yanatuelekeza huko: Majivuno ni kiburi, Karama ni kipaji na heshima, Amini ni uaminifu. Vita vilivyomo ni vya tabia njema na tabia mbaya, na vita hivyo havikuisha bendera ilipobadilishwa.

Angalia sasa jambo muhimu. Habari za maisha ya mwandishi zinatumiwa na pande zote mbili. Alifanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Upande mmoja husema: aliuona udhalimu kwa karibu, ndiyo maana akaufumba. Upande wa pili husema: mtumishi wa serikali hangethubutu. Ushahidi unaoweza kuvutwa pande zote mbili hauamui kesi. Ndiyo maana katika jibu lako habari za mwandishi ziwe chumvi tu. Chakula chenyewe kitoke kitabuni.

Maoni ya tatu: Kitabu kinajirudiarudia

Neno "Tena?" la msomaji wa penseli limewahi kunitoka hata mimi. Mjumbe anatumwa, anaona, anarudi, anaadhibiwa. Kisha mwingine. Kufikia wa nne unajua mwisho kabla ya kufika. Wahusika nao hawabadiliki: Majivuno anaanza na majivuno anamaliza nayo. Wapo wanaosema kwamba kazi ya namna hii ni ngano ndefu au hekaya, wala haifai kuitwa riwaya.

Wanaoitetea hujibu kwa njia mbili. Kwanza, takriri ni uti wa mgongo wa ngano. Ukisikiliza hadithi za bibi, sungura hajaribu mara moja tu. Shaaban Robert aliichukua mbinu ya fasihi simulizi akaitia katika maandishi kwa makusudi. Pili, na hoja hii huipenda zaidi, kumbuka ni nani anayesimulia na yuko wapi. Karama yuko kizimbani. Mjumbe mmoja akiadhibiwa bila kosa, waziri anaweza kusema ilikuwa bahati mbaya. Wakifika wawili, atasema ni makosa ya zamani. Wakifika sita, hakuna pa kujificha: huo si mkosi, huo ni mwenendo wa serikali. Takriri ndiyo utetezi wenyewe.

Je, hoja hiyo inamaliza uchovu wa msomaji? Si lazima. Unaweza kukubali kwamba takriri ina kazi na bado ukasema imezidi. Hapo utakuwa umetoa maoni ya mtu aliyefikiri.

Maoni ya nne: Mwisho wake ni mwepesi mno

Hapa ndipo penseli iliuliza wananchi walikuwa wapi. Karama anasema, mfalme anasikiliza, moyo unalainika, milango ya gereza inafunguliwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, wahakiki wengi wa Tanzania walianza kuitazama fasihi kwa jicho la ujamaa, na swali lao lilikuwa kama hilo: mabadiliko yanaletwa na umma au yanangojewa kutoka kwa hisani ya mtawala? Kwa jicho hilo, Kusadikika kinategemea mno mtu mmoja mwema chini na mtu mmoja msikivu juu.

Wanaokitetea husema Karama hakupewa hisani. Alishinda kwa hoja, mahali ambapo hoja ilikuwa imepigwa marufuku. Alishtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na aliokolewa na uanasheria ule ule. Huo ni ushindi wenye kinaya kikali.

Kosa langu, ili usilirudie

Nilipokuwa mwalimu mchanga, katika shule moja magharibi mwa jiji, msichana mmoja wa kidato cha nne aliandika kwamba mwisho wa riwaya hii haumridhishi kwa sababu wananchi wamekaa kimya. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika "Hukuelewa kitabu," nikampa alama 4 kati ya 20. Mwongozo niliokuwa nikiutegemea ulisema mwisho ni wa kufurahisha, nami sikuwa na la zaidi. Miaka michache baadaye nikagundua kwamba maoni yake yalikuwa yametolewa na wahakiki waliobobea kabla yeye hajazaliwa. Msichana yule hakuinua mkono tena darasani hadi alipomaliza shule. Nilimfanyia alivyofanyiwa mjumbe wa Kusadikika: alirudi na jambo aliloliona mwenyewe, mimi nikamwadhibu.

Nakueleza haya kwa sababu wanafunzi wengi huingia katika mtihani wakiwa wameficha maoni yao mfukoni na kubeba ya mwongozo mkononi. Usifanye hivyo, hata kama mwongozo wenyewe ni huu.

Lakini si kila maoni ni sawa

Tafadhali usinielewe vibaya. Kusema wasomaji hutofautiana si kusema kila kitu ni sahihi. Maoni hupimwa kwa maswali matatu.

1. Je, kitabu kinasema hivyo? Ukiandika kwamba Karama aliwaongoza wananchi wakavamia jumba la mfalme, huna maoni; una kosa.

2. Je, tarehe zinaruhusu? Mwaka mmoja, katika masomo ya marudio, kijana alisimama akasema kwa ujasiri: "Shaaban Robert aliwaandikia wale sita wa Kapenguria. Wajumbe ni sita, nao walikuwa sita!" Darasa likampigia makofi. Ni kweli, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko walikuwa sita, walishtakiwa, wakafungwa. Lakini hali ya hatari ilitangazwa Kenya mnamo Oktoba 1952, na hukumu ya Kapenguria ikatolewa Aprili 1953. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuchapishwa mwaka 1951. Mwandishi hakuweza kuwaandikia watu ambao kesi yao ilikuwa haijaanza.

Je, kijana yule apate sifuri? La. Abadilishe sentensi moja. Badala ya "Mwandishi alikusudia wale sita wa Kapenguria," aandike: "Msomaji Mkenya anaposoma kuhusu wajumbe sita walioadhibiwa hukumbuka wale sita wa Kapenguria." Kauli ya kwanza inahusu nia ya mwandishi, na nia ina tarehe. Kauli ya pili inahusu msomaji, na msomaji ana haki ya kukumbuka historia yake. Ukizitofautisha kauli hizi mbili, utaepuka nusu ya makosa ninayokutana nayo ninaposahihisha.

3. Je, maoni yako yanastahimili pingamizi? Maoni yasiyoweza kujibu swali la "Lakini je..." bado ni machanga. Kabla hujaandika, mwache kalamu nyekundu aibishie kalamu yako ya buluu.

Namna ya kuandika jibu

Tuchukue swali hili la mazoezi:

"Kusadikika ni picha ya utawala wa kikoloni." Jadili kauli hii. (alama 20)

Neno "jadili" linakuomba uonyeshe pande mbili kisha utoe uamuzi. Mwanafunzi anayeunga mkono mwanzo hadi mwisho bila kutaja upande wa pili amejibu nusu ya swali. Anayesema "wengine wanakubali na wengine wanakataa" na kuishia hapo hajajibu lolote, kwa sababu ametaja ugomvi na kuukimbia.

Kila aya iwe na mambo matatu: hoja, mfano kutoka kitabuni, na maelezo ya jinsi mfano huo unavyothibitisha hoja. Hoja bila mfano ni madai. Mfano bila maelezo ni usimulizi, na usimulizi haukupi alama za uhakiki.

Soma aya mbili zifuatazo.

Aya ya A: "Kusadikika ni picha ya ukoloni kwa sababu wakoloni walikuwa wabaya na waliwatesa Waafrika. Mfalme pia alikuwa mbaya. Karama alishtakiwa na Majivuno. Kwa hivyo ni picha ya ukoloni."

Aya ya B: "Kauli hii inaungwa mkono na jinsi elimu ya sheria inavyoogopwa. Karama anashtakiwa kwa sababu ya kufundisha uanasheria, wala si kwa wizi au uuaji. Raia anayejua sheria anaweza kuuliza kwa nini anaadhibiwa, na utawala unaotegemea ujinga wa watu hauwezi kuvumilia swali hilo. Hali hii inalingana na utawala wa kikoloni uliotunga sheria bila kuwashirikisha waliotawaliwa. Hata hivyo, mfalme na Majivuno ni wenyeji wa Kusadikika, na mawazo mema yanatoka nchi za nje. Kwa hivyo picha hii inaufaa ukoloni, lakini inaufaa pia utawala wowote unaowaogopa watu wake."

Aya ya A ina msimamo mkali lakini haina kitabu ndani yake. Aya ya B ina hoja, mfano, maelezo, pingamizi na uamuzi mdogo. Zingatia kwamba B haikumtaja mhakiki hata mmoja, wala haikunakili mwongozo. Ilikisoma kitabu tu.

Mambo ya kuepuka

(i) Usianze na "Wahakiki wengi wanasema" iwapo huwajui. Sema unachokiona wewe na uonyeshe ulipokiona.
(ii) Usiseme "kitabu kinachosha" ukanyamaza. Sema mbinu gani inachosha, wapi, na kama ina kazi yoyote.
(iii) Usimdharau anayetofautiana nawe. Mtaje kwa haki, kisha umjibu. Mtahini hutambua mara moja mwanafunzi aliyeielewa hoja anayoipinga.
(iv) Usibadilishe msimamo katikati ya insha bila sababu. Ukianza kwa kukubali na ukamalizia kwa kukataa, eleza ni hoja gani iliyokugeuza.

Mazoezi

1. Eleza jinsi majina Karama, Majivuno na Amini yanavyoendeleza maudhui ya riwaya. Mbinu hii inaitwaje? (alama 6)
2. "Takriri katika Kusadikika ni nguvu ya kitabu wala si udhaifu wake." Toa hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga. (alama 8)
3. "Mwisho wa Kusadikika unatoa matumaini ya bure." Jadili. (alama 20)
4. Kazi ya wawili wawili: Mmoja wenu ashike maoni ya kalamu ya buluu, mwingine ya kalamu nyekundu. Jadilianeni kwa dakika kumi. Kisha badilishaneni pande, kila mmoja atetee alichokuwa akikipinga. Andikeni hoja moja ambayo kila mmoja wenu alishindwa kuijibu. Hiyo ndiyo hoja mtakayoihitaji siku ya mtihani.

Kabla ya kufunga kitabu

Kesho nitaingia darasani tena na ile nakala yangu ya Tom Mboya. Bado ina nafasi pembeni, na chini ya swali la penseli kuhusu wananchi sijaandika kitu, kwa sababu kila mwaka darasa hunipa jibu ambalo sikulitarajia. Nawe soma kitabu chako ukiwa na kalamu mkononi. Panapokuudhi, andika kwa nini. Panapokufurahisha, andika ulichokiona. Ukiingia katika chumba cha mtihani ukiwa na maoni kumi uliyoyapata kwa jasho lako na ushahidi wake, hutababaika swali likija kwa sura usiyoizoea.

Na ikiwa kitabu ni cha shule, tafadhali tumia penseli.